Namna ya Kumfunga Mwizi wa Mabilioni: Mwongozo kutoka Buhongwa

Mahitaji ni haya: mwizi mmoja mkubwa, aliyekomaa, Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, yenye marekebisho ya mwaka 2016, hati ya mashtaka iliyoandikwa na mtu asiye na haraka, meseji zako zote za miamala, usifute hata moja, na subira ya miaka kadhaa. Kibaka aliyechomoa simu kwenye daladala ya Nyegezi usimlete hapa. Yeye hukumu yake huipata barabarani kwa mawe na matairi, jambo ambalo ni uovu mtupu. Huu ni mwongozo wa kumpata yule anayekula akiba za watu elfu moja bila kupandisha sauti, kisha anapokea shikamoo kutoka kwa watoto wa wale aliowaibia.

Nauandika nikiwaza Buhongwa kwa sababu hela mbichi ya Mwanza inaelekea huku. Viwanja vinapimwa hadi kwenye miamba, mabasi ya Shinyanga na Geita yanapita kwenda Usagara, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 kila anayeuza ardhi ana sababu ya kupandisha bei. Bodaboda, mama wa mboga, mwalimu, kinyozi, mwanafunzi wa SAUT: kila mmoja ana kiasi kidogo anachokitafutia mahali pa kuzaa. Mpigaji anakijua kiasi hicho kuliko benki inavyokijua.

Hatua ya kwanza: mtambue angali rafiki

Mwizi huyu haruki ukuta. Analetwa sebuleni na shemeji yako, na shemeji mwenyewe ameshalipwa mara mbili, kwa hiyo anaapa kwa moyo mweupe. Hajui kwamba malipo hayo mawili yametoka kwenye hela ya jirani aliyejiunga wiki iliyopita. Mwaka 2009 ilikuwa DECI: watu wakapanda mbegu, wakasubiri kuvuna, na walioisimamia walikuwa wachungaji. Mwaka 2022 ikaja Kalynda ndani ya simu. Mapema 2025 ikawa zamu ya LBL, ambako ulitoa kiingilio ili ulipwe kwa kutazama matangazo.

Hesabu ifanye kwa kalamu. Chukua ya Mr Kuku, mradi wa ufugaji ambao kesi yake ilifika Mahakama ya Kisutu mwaka 2020. Wawekezaji waliahidiwa faida ya asilimia 70 ndani ya miezi minne, au asilimia 90 ndani ya miezi sita. Weka laki moja, na kila baada ya miezi minne urudishe mtaji pamoja na faida yake: mwaka ukiisha una karibu laki tano. Sasa nenda kwa mama yeyote anayefuga kuku Buhongwa. Muulize bei ya pumba. Muulize mdondo ukipita banda linabaki na kuku wangapi. Kisha mwonyeshe hesabu yako, na umsikilize mpaka amalize.

Kuna njia fupi zaidi. Kupokea amana za watu bila leseni ni kosa tayari, kabla hata shilingi moja haijaliwa, na anayetoa leseni ni Benki Kuu, yenye tawi lake hapa Mwanza. Ukiuliza leseni na shemeji akakasirika, hela yako imepona.

Hatua ya pili: mchagulie kosa linalomtosha

Kama hela imeshaliwa, hapa ndipo miaka inapopatikana au kupotea. Kitendo kile kile kinaweza kuandikwa kwa njia mbili. Kikiandikwa kuwa ni kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kikomo ni miaka saba na hakuna kiwango cha chini. Hakimu anaweza kutoza faini, na mtu akalala kwake usiku ule ule. Kikiandikwa kuwa uhujumu uchumi, kifungu cha 60 cha Sura ya 200, kama kilivyorekebishwa mwaka 2016, kinataka jela isiyopungua miaka 20 na isiyozidi 30. Kabla ya marekebisho hayo kikomo kilikuwa miaka 15, na chini hapakuwa na kitu.

Mtu wa Usukumani hahitaji wakili kuuelewa uzito wa hilo. Sheria ya Adhabu za Chini inamtaka mwizi wa ng'ombe asifungwe chini ya miaka mitano. Kijana anayepora simu akiwa na panga, unyang'anyi wa kutumia silaha, anakula mvua 30. Sasa kumbuka EPA: shilingi bilioni 133 zilizotoka Benki Kuu kwenda kwa kampuni 22 mwaka 2005/06. Gavana Daudi Ballali aliondolewa Januari 2008. Agosti mwaka huo Rais Kikwete aliwapa wahusika hadi tarehe 31 Oktoba kurudisha fedha ili wasishtakiwe. Miongoni mwa walioshtakiwa, wawili walihukumiwa Mei 2011 kwa shilingi bilioni 1.8, na kila mmoja akaenda jela miaka mitano. Kwa bei ya laki sita kwa ng'ombe, hizo ni ng'ombe 3,000. Walifungwa miaka anayofungwa aliyeiba mmoja.

Kuna wasomi wa sheria wasiopenda adhabu za chini za lazima, na wana hoja ya kweli: kila kesi ina uso wake, na hakimu amesomea kuutazama. Nawasikiliza kwenye makosa mengine yote. Kwenye wizi wa mabilioni nakaa upande wa Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963. Kwenye mkutano wa Mei Mosi 1995 pale Mbeya, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha Watanzania sheria hiyo ilivyokuwa: miaka miwili isiyopungua, na viboko 24, nusu akiingia na nusu akitoka. Viboko sivitaki. Ninachokitaka ni kile alichokisisitiza, kwamba hakimu hakuachiwa nafasi ya kupunguza. Mwizi wa bilioni anafika mahakamani na mawakili wanne, cheti cha daktari kinachosema moyo wake ni dhaifu, na barua za sifa kutoka kwa watu wenye mihuri. Hakimu naye ni binadamu, ana mshahara unaojulikana na watoto wanaosoma. Sheria inayosema "haipungui" inamkinga yeye kwanza.

Hatua ya tatu: hakikisha uliyemshika ni mkubwa

Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Vuka kutoka Mwanza uende Bunda, Serengeti, Tarime. Utawakuta watu waliofungwa chini ya kifungu hicho hicho cha 60, miaka hiyo hiyo 20, na mabilioni hawajawahi kuyaona hata kwenye televisheni ya kibanda. Walikutwa na nyama ya nyumbu. Sheria inaihesabu nyama ya porini kuwa nyara ya serikali, nyara imo kwenye jedwali la uhujumu uchumi, na kwa hiyo vipande kadhaa vya nyama iliyokaushwa vinamfikisha mtu mahali ambapo mlaji wa EPA hakufika. Rufaa zao zimejaa kwenye vikao vya Mahakama ya Rufani pale Musoma. Thamani ya nyumbu mmoja kwenye hati hizo huwa ni milioni moja na kitu. Novemba 2023 mama mmoja wa Iringa alihukumiwa miaka 22 kwa vipande 12 vya nyama ya swala, vilivyotajwa kuwa na thamani ya shilingi 900,000. Nchi ilipiga kelele, na Mahakama Kuu ikamwachia huru. Wasiopigiwa kelele wamebaki ndani.

Sura ya 200 ilizaliwa mwaka 1984 ikirithi sheria maalumu ya 1983, ile ya msako wa wahujumu ulioongozwa na Waziri Mkuu Sokoine. Wazee wa Mwanza wanaukumbuka: watu walitupa sabuni, sukari na kanga usiku kwa hofu ya kukutwa navyo, na aliyeshikwa hakuwa na dhamana wala wakili. Sheria iliyozaliwa kwenye hasira ya namna hiyo inahitaji kuangaliwa sana inamwangukia nani. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akashtakiwa pamoja na mengine kwa utakatishaji fedha, kosa lisilo na dhamana, na akatoka Februari 2020 baada ya kuafikiana na waendesha mashtaka na kulipa mamilioni. Hakuna mtu wa Buhongwa aliyeibiwa na Kabendera.

Kwa hiyo pima ukubwa kabla ya kufunga. Divisheni ya Mahakama Kuu ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, ambayo watu waliizoea kwa jina la Mahakama ya Mafisadi, ilipoanzishwa mwaka 2016 iliwekewa kiwango cha shilingi bilioni moja. Kupima kwa shilingi ni sawa, lakini hakutoshi. Tuseme mtu ameendesha upatu kuanzia Mkolani hadi Buhongwa akala laki tano tano za watu 600. Hizo ni milioni 300. Kwenye kiwango cha bilioni hafiki. Kwenye mtaa amebomoa nyumba 600: ada za shule, mtaji wa dagaa, hela ya tofali, marejesho ya kikoba. Mama aliyekopa kwa wakopeshaji wa kausha damu ili awahi nafasi anaumia mara mbili: akiba imeliwa, na mkopeshaji anakuja kuchukua kitanda.

Eneo hili lina historia ya wizi wa namna hiyo. Wakulima wa pamba wa Usukuma walianza kujikusanya mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu ya mizani. Mnunuzi aliiba ratili chache kwa huyu, chache kwa yule, kwa maelfu ya watu, na hapakuwa na hata mmoja aliyeibiwa kiasi cha kumtosha kwenda mahakamani peke yake. Wakaweka watu wao wa kusimama kando ya mizani wakati wa kupima, na kutokana na juhudi hizo, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, ukazaliwa muungano wa ushirika wa Victoria mwaka 1955. Babu zetu walihesabu walioibiwa. Sheria yetu inahesabu kilichoibiwa tu. Ningekuwa mbunge wa Nyamagana ningesimama na hoja moja: adhabu ya miaka 20 iwe ya anayeiba bilioni au anayewaibia watu mia, na nyama ya porini ya kiasi cha sufuria itolewe kabisa kwenye jedwali hilo.

Hatua ya nne: ufunge mlango wa nyuma

Umeshachagua kosa, umeshahakikisha ukubwa, mpigaji yuko mahabusu Butimba. Usishangilie bado.

Septemba 2019 Rais Magufuli aliwapa washtakiwa wa uhujumu uchumi siku saba za kukiri na kurudisha fedha, kisha akaziongeza. Mkurugenzi wa Mashtaka wa wakati huo, Biswalo Mganga, akampelekea taarifa: washtakiwa 467 walikuwa tayari kurudisha zaidi ya shilingi bilioni 107. Mwaka huo huo Bunge lilikuwa limeingiza makubaliano ya kukiri kosa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Nia haikuwa mbaya. Magereza yalijaa, kesi zilikaa miaka kwa maneno yale yale ya "upelelezi haujakamilika", na hela iliyorudi leo ina maana kuliko hukumu ya mwaka usiojulikana.

Tazama sasa mlango unavyofanya kazi. Mwendesha mashtaka anakubaliana na mshtakiwa, mashtaka mazito yanaondolewa, linabaki kosa jepesi, anakiri, na ile miaka 20 haimgusi tena kwa sababu kosa lililobaki haliko chini ya kifungu cha 60. Harbinder Singh Sethi, yule wa kampuni ya umeme ya IPTL na akaunti ya Tegeta Escrow, alishtakiwa Juni 2017 kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 22 na shilingi bilioni 309. Juni 2021 alikiri kosa la kujipatia fedha kwa udanganyifu, akaamriwa kulipa shilingi bilioni 26.9, na akaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi 12. Miaka minne ya mahabusu alikaa, hilo lisemwe. Mr Kuku, ambaye mashtaka yake yalitaja amana za shilingi bilioni 17, Januari 2021 alipewa faini ya shilingi milioni tano au jela miaka mitano, na shilingi bilioni 5.4 zikataifishwa.

Milioni tano. Yuko kijana wa Buhongwa anayelipa zaidi ya hiyo kwa pikipiki ya mkataba.

Na mtu wa nyumbu, je? Sheria haimzuii kuomba makubaliano. Lakini aje na nini mezani? Makubaliano ni ya mwenye cha kurudisha, na asiye nacho anabaki na miaka yake 20 kamili. Ndivyo adhabu iliyotungwa kwa ajili ya papa ilivyogeuka kuwa ya dagaa, bila neno moja la sheria kubadilishwa. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake Julai 2023, ilisikia malalamiko mengi juu ya makubaliano haya, mengine ya watu waliosema walikiri ili tu watoke mahabusu. Hayo nayo nayaamini. Mlango mmoja unaweza kumtoa mwizi na kumnyang'anya asiye na hatia, kama anayekaa mlangoni hasimamiwi.

Kuufunga kabisa sikushauri. Weka kufuli mbili. Ya kwanza: kwa wizi mkubwa, kukiri na kurudisha kila kitu kupunguze miaka, tuseme kutoka 20 hadi 10, lakini kusiifute jela. Anayerudisha alichoiba amerudisha cha watu, bado hajalipa cha kwake. Kenya, kwenye Sheria ya Kupambana na Rushwa na Makosa ya Kiuchumi ya mwaka 2003, wanaongeza faini ya lazima ya mara mbili ya faida aliyopata mwizi au hasara aliyosababisha. Tuichukue hiyo. Kufuli ya pili: hakimu asipokee makubaliano yoyote ya upatu mpaka aone orodha ya walioibiwa na mpango wa kuwalipa, kabla serikali haijachukua chochote. Hela ya Mr Kuku iliyotaifishwa ilikuwa ya watu walioiweka wenyewe kwa mikono yao, na wao ndio walipaswa kuwa wa kwanza kwenye foleni.

Hatua ya tano: hesabu miaka iliyobaki

Fupi hii. Mfungwa mwenye mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi ya kifungo. Miaka 20 inakuwa 13 na miezi minne. Ongeza msamaha wa Rais ambao kwa kawaida hutoka Aprili 26 na Desemba 9, na usome kwa makini makosa yaliyoachwa nje ya tangazo. Theluthi yake simnyimi, maana mwenendo mzuri gerezani ni kazi. Nasema tu kwamba anayeanza na miaka mitano atakuwa nyumbani kabla mtoto wa aliyemwibia hajamaliza darasa la nne, na alichokificha kitakuwa kinamsubiri. Ndiyo maana miaka 20 haijanishtua kamwe.

Hatua ya mwisho: kazi yako wewe

Watu wa Buhongwa wakipigwa wana kawaida moja mbaya: wanaona aibu. Fundi aliyeweka milioni mbili anasema aliweka laki mbili. Mwalimu hasemi kabisa, kwa sababu ndiye aliyewaleta walimu wenzake. Kiwanja kimoja kikiuzwa kwa watu watatu, wawili wanakwenda kwa mganga na mmoja anahama. Mpigaji anaitegemea aibu hiyo kuliko anavyomtegemea wakili, kwa kuwa walioibiwa 600 wakitokea 11, hati ya mashtaka itaandikwa kwa watu 11.

Kwa hiyo kaeni pamoja. Tafuteni ukumbi, hata darasa la shule ya msingi Jumamosi, mwenyekiti wa mtaa awepo. Kila mtu aje na simu yake na meseji za M-Pesa, Airtel Money au benki. Tarehe, kiasi, namba iliyopokea, jina lililotokea kwenye skrini. Picha za kundi la WhatsApp zichapishwe kabla kundi halijafutwa, maana litafutwa. Andikeni orodha moja yenye jina, kiasi na sahihi, na shemeji aliyewaleta wengine aandikwe naye, kwa sababu ameibiwa pia na anajua mengi. Nakala moja polisi, mpewe namba ya RB. Nakala ya pili TAKUKURU kama kuna mtumishi wa umma aliyehusika. Ya tatu ipelekwe Ofisi ya Taifa ya Mashtaka hapa Mwanza, na juu yake muandike barua yenu. Sheria ya makubaliano inamtaka mwendesha mashtaka, pale hali inaporuhusu, awasiliane na mwathirika kabla ya kuafikiana na mshtakiwa. Semeni kwamba hali inaruhusu: mpo, mnafikika, namba zenu ni hizi, na hamtaki kusikia kwenye redio kwamba kesi imekwisha. Ombeni mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, wenye tarehe.